Kimo, Uzito na Umri wa Kijana

Mwezi huu katika ukurasa huu wa siha ya nyumbani twapenda kulizungumza jambo ambalo wazazi wengi hulifikiri kimya kimya, lakini ni wachache wanaolichunguza kwa kipimo. Jambo lenyewe ni kukua kwa mtoto aliyekwisha toka katika utoto na ambaye hajafika bado katika utu uzima, yaani kijana wa miaka 10 hadi 19.

Mtoto mdogo ana bahati yake. Tangu kuzaliwa kwake mpaka atimize miaka 5, mama yake hushika kadi ya kliniki, humpeleka kupimwa, na muuguzi hutia nukta katika kadi ile. Nukta zikiunganishwa huonekana mstari unaopanda au uliolala, na mstari ukilala mama huulizwa: mtoto anakula nini? Ameugua nini? Hekima ya kadi za namna hii ilienezwa sana na daktari Mwingereza David Morley, kutokana na kazi aliyoifanya katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini kadi ile ina mwisho wake. Mtoto akiingia shule, kadi hutiwa sandukuni, na tangu hapo aghalabu hapana mtu amwekaye juu ya mizani mpaka siku atakapougua. Hivyo miaka ile ambayo mwili wake wabadilika kwa nguvu kuliko wakati wowote baada ya uchanga, ndiyo miaka isiyotazamwa na mtu.

Na mahali pa mizani tumeliweka jicho. Twamwona kijana amejaa mashavu, twasema amenawiri. Twamwona mwembamba, twasema ndivyo walivyo wa ukoo huu. Jicho la mzazi ni jicho la mapenzi, na tena limezoea. Mtu umwonaye kila siku huoni anapobadilika. Kwa upande wa pili, vijana wetu siku hizi wana simu mikononi, na simu zina hesabu iliyo tayari. Binti wa miaka 12 atia kimo chake na uzito wake, apewa namba, asoma kwamba yeye ni mwembamba kupita kiasi au mnene kupita kiasi, naye aiamini. Yamkini hesabu yenyewe haina kosa lolote. Kosa ni kwamba ameisoma kwa mistari iliyowekwa kwa ajili ya mama yake.

Basi maneno yetu ya mwezi huu ni haya: kipimo hiki cha uzito na kimo ni msaada mkubwa kwa kijana kikisomwa pamoja na umri wake, na kama ni wa kiume au wa kike, na kikirudiwa mara kwa mara. Kikisomwa peke yake, siku moja tu, chaweza kumdhulumu.

Asili ya kipimo hiki

Mwanzo wa hesabu hii ni katika nchi ya Ubelgiji. Adolphe Quetelet, aliyezaliwa mjini Ghent mwaka 1796, alikuwa mtaalamu wa nyota na wa hesabu, na ndiye aliyeasisi nyumba ya kutazamia nyota mjini Brussels. Alitaka kujua kama miili ya wanadamu nayo yafuata kanuni kama zifuatavyo nyota. Akakusanya vipimo vya watu wengi, na katika miaka ya 1830 akaona kwamba kwa watu wazima uzito hauongezeki sawasawa na kimo, bali huongezeka kwa kadiri ya kimo kilichozidishwa kwa nafsi yake. Kwa hiyo mwenye kutaka kumlinganisha mrefu na mfupi kwa haki, na achukue uzito kwa kilo, kisha augawe kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa kimo hicho hicho.

Quetelet hakuwa akitafuta wanene wala wagonjwa. Alikuwa akimtafuta mtu wa wastani. Hesabu yake ilikaa vitabuni zaidi ya miaka 100, mpaka mwaka 1972, ambapo Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipoijaribu pamoja na hesabu nyingine kwa vipimo vya wanaume wazima zaidi ya 7,000 wa nchi 5. Wakaona ya kuwa yafaa, wakaipa jina ambalo leo hujulikana hospitalini kwa herufi zake tatu, BMI. Sisi hapa tutaiita uwiano wa uzito na kimo, au uwiano kwa ufupi.

Msomaji na aangalie kwamba kanuni ya Quetelet ilionekana kwa watu waliokwisha kukua, na Keys naye alipima watu wazima. Na mistari ile inayotajwa kila mahali, kwamba chini ya 18.5 ni wembamba, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia, yote ni mistari ya mtu mzima. Mtu mzima kimo chake kimesimama. Kinachobadilika ni uzito tu. Lakini kijana kimo chake chapanda, uzito wake wapanda, mifupa yake yapanuka, na hivi vyote haviendi kwa mwendo mmoja.

Namba moja, watu watatu

Tutoe mfano. Katika nyumba moja yuko baba mwenye kimo cha sentimita 170 na uzito wa kilo 72. Yuko mwanawe wa miaka 14, kimo sentimita 160, uzito kilo 64. Na yuko mdogo wake, mvulana wa miaka 10, kimo sentimita 140, uzito kilo 49. Ukiwafanyia hesabu wote watatu utapata jibu moja: 25, au karibu kabisa na 25. Je, hali zao ni moja? Hasha. Baba yu mpakani, na akipunguza kidogo yu salama. Kijana wa miaka 14 amekwisha vuka mpaka wa uzito uliozidi, ambao kwa umri wake ni 21.8, ingawa hajafika unene wa kupindukia. Na yule mdogo wa miaka 10 ameupita mbali mpaka wa unene wa kupindukia, ambao kwake ni 21.4. Namba ni moja, lakini habari zake ni tatu.

Na mfano wa upande wa pili ni huu. Binti wa miaka 12 ana kimo cha sentimita 148 na uzito wa kilo 35. Uwiano wake ni 16. Akijisoma kwa mistari ya mama yake ataambiwa kwamba amekonda vibaya. Lakini kwa binti wa umri wake wembamba huanzia chini ya 14.4, basi huyu ni mzima, hana dosari, wala hapana haja ya kumlazimisha sahani ya pili.

Sababu ya tofauti hii ni safari ya mwili wenyewe. Uwiano wa mtoto hupanda katika mwaka wa kwanza, kisha hushuka anapoanza kutembea na kurefuka, hata kufikia chini kabisa katika umri wa miaka 5 au 6 hivi, kisha hupanda tena polepole mpaka utu uzima. Inapofika baleghe, kimo huchupa. Wasichana hutangulia: aghalabu kasi yao kubwa ya kurefuka ni karibu na miaka 12, wavulana huchelewa kwa miaka 2 hivi. Tena miili haiongezi kitu kimoja. Wasichana kwa maumbile huongeza mafuta mwilini wanapobaleghe, na mafuta hayo yana kazi yake. Wavulana huongeza zaidi misuli na mifupa. Ndiyo maana mistari ya wasichana hutengwa na ya wavulana.

Namna ya kupima

Kipimo kibaya huzaa hukumu mbaya, kwa hiyo twataja taratibu zake. Kwa kimo, kijana avue viatu, na kama nywele zimefungwa juu zifunguliwe. Asimame juu ya sakafu iliyo sawa, na kisigino, makalio na mabega vikigusa ukuta kadiri iwezekanavyo, macho yakitazama mbele. Mzazi achukue kitabu kigumu, akilaze juu ya kichwa, ubavu wake mmoja ukibanwa ukutani, kisha atie alama ya kalamu chini ya kitabu, na apime kutoka sakafuni hata alama ile kwa futikamba isiyovutika. Apime mara mbili. Kwa uzito, avae nguo nyepesi, asiwe na viatu wala simu mfukoni, na mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu, si juu ya zulia wala mkeka. Asiye na mizani nyumbani aweza kupimiwa zahanati, na maduka mengi ya dawa yanayo pia.

Kisha ifanywe hesabu. Kwa binti tuliyemtaja, sentimita 148 ni mita 1.48. Mara 1.48 ni 2.19. Kilo 35 ukizigawa kwa 2.19 wapata 16.0. Na msomaji aone jinsi kosa dogo la kimo linavyoharibu kazi: lau tungalimpima binti huyu kwa uzembe tukapunguza sentimita 2 tu, jibu lingalikuwa 16.4, tukadhani ameongezeka ilhali hakuongezeka.

Mistari ya kusomea

Shirika la Afya Duniani lilitoa mistari yake ya watoto wa miaka 5 hadi 19 mwaka 2007. Kwa kila umri pana mstari wa katikati, na mistari mingine juu yake na chini yake. Aliye juu ya mstari wa kwanza wa juu huhesabiwa kuwa uzito wake umezidi. Aliye juu ya mstari wa pili wa juu ana unene wa kupindukia. Na aliye chini ya mstari wa pili wa chini ni mwembamba kupita kiasi. Twawaandikia hapa namba za miaka michache, kila umri ukiwa umetimia. Namba ya kwanza ni mpaka wa wembamba, ya pili ni ya katikati, ya tatu ni mpaka wa uzito uliozidi, na ya nne ni mpaka wa unene wa kupindukia.

Wavulana:
Miaka 10: 13.7, 16.4, 18.5, 21.4.
Miaka 12: 14.5, 17.5, 19.9, 23.6.
Miaka 14: 15.5, 19.0, 21.8, 25.9.
Miaka 16: 16.5, 20.5, 23.5, 27.9.
Miaka 18: 17.3, 21.7, 24.9, 29.2.

Wasichana:
Miaka 10: 13.5, 16.6, 19.0, 22.6.
Miaka 12: 14.4, 18.0, 20.8, 25.0.
Miaka 14: 15.4, 19.6, 22.7, 27.3.
Miaka 16: 16.2, 20.7, 24.1, 28.9.
Miaka 18: 16.4, 21.3, 24.8, 29.5.

Huenda msomaji akauliza: namba hizi zimetoka kwa watoto wa nani? Ni swali la haki. Mistari ya mwaka 2007 ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya vipimo vya watoto wa Marekani vilivyokusanywa kabla unene haujaenea katika nchi ile, vikaunganishwa kwa ustadi na mistari ya watoto wa chini ya miaka 5 iliyotolewa mwaka 2006. Na hiyo ya mwaka 2006 ilitokana na watoto wa nchi 6: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto waliochaguliwa walinyonyeshwa vema, walikuwa katika mazingira mazuri, na mama zao hawakuvuta sigara. Jambo lililoonekana ni kwamba watoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo walirefuka kwa namna iliyokaribiana sana. Kwa hiyo mzazi asiharakishe kusema kwamba watu wa kwetu ni wafupi kwa maumbile. Mara nyingi ufupi wa mtoto mdogo ni habari ya chakula na maradhi kuliko ya ukoo. Hata hivyo, mistari ya vijana si sheria iliyochongwa katika jiwe. Ni kipimo cha kulinganishia, na kijana aliyekaribia mpaka hatofautiani sana na aliyeuvuka kidogo.

Yasiyoonekana katika namba

Uwiano huu haujui kutenga mafuta na misuli. Kijana achezaye mpira kila jioni na kubeba magunia siku za likizo aweza kuwa na uzito mwingi wa misuli, na namba ikamwita mnene. Na mwingine aweza kuwa na namba ya kadiri, kumbe mafuta yamekusanyika tumboni kwa kukaa kitako mchana kutwa.

Kadhalika namba haijui ni nani aliyebaleghe mapema na nani atachelewa. Wavulana 2 wa miaka 13 waweza kukaa dawati moja, mmoja sauti imekwisha vunjika na mwenzake bado yu katika umbo la utotoni. Kuwalinganisha kwa umri tu ni kulinganisha embe lililoiva na embe changa.

Na lililo kubwa kuliko yote, uwiano hauonyeshi udumavu. Mfikirie mvulana wa miaka 15, kimo sentimita 150, uzito kilo 43. Uwiano wake ni 19.1, namba nzuri kabisa. Lakini kimo chake ki chini ya mpaka wa umri wake, ambao ni sentimita 153 hivi, ilhali kimo cha katikati ni 169. Mwili wake umepungukiwa kwa urefu na kwa uzito pamoja, na kwa kuwa vyote viwili vimepungua, hesabu imesawazika na kuuficha upungufu. Yamkini ni mchelewaji tu ambaye baleghe haijamfikia, na atarefuka baadaye. Yamkini ameishi miaka mingi na chakula haba au maradhi yaliyojificha. Ni tabibu atakayepambanua. Basi tusipime uwiano tukasahau kukitazama kimo chenyewe.

Mstari, si nukta

Katika nchi ya Ufaransa aliishi bwana mmoja aitwaye Philibert Guéneau de Montbeillard. Mwaka 1759 alipata mtoto wa kiume, akaanza kumpima kimo kila miezi 6 hivi, asichoke, mpaka kijana alipofika miaka 18 mwaka 1777. Vipimo vyake vilichapishwa na Buffon, mtaalamu mashuhuri wa elimu ya viumbe, na mpaka leo wataalamu wa ukuaji huvitaja kuwa ni daftari la kwanza la namna yake. Katika vipimo vile huonekana dhahiri jinsi kasi ya kukua ilivyokuwa ikipungua tangu uchanga, kisha ikapanda kwa ghafula kijana alipokaribia miaka 14, kisha ikatulia. Baba yule hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na kipimo, daftari na subira.

Nasi twaona kwamba hili ndilo somo kubwa kwa nyumba zetu. Nukta moja haisemi mengi. Kijana ambaye uwiano wake u chini kidogo ya katikati, na umekuwa hapo miaka 3 mfululizo, anafuata njia yake, na hapana la kuogopa. Lakini kijana aliyekuwa katikati mwaka jana, na mwaka huu ameshuka karibu na mpaka wa wembamba, huyo ana jambo, hata kama namba yake bado yaitwa nzuri. Vivyo hivyo anayepanda kuvuka mstari baada ya mstari. Kinachotafutwa ni mwelekeo, na mwelekeo haupatikani illa kwa kurudia kupima. Mara 2 kwa mwaka yatosha. Kumpima kijana kila juma si uangalizi bali ni adha, kwani uzito hupanda na kushuka kwa maji na chakula cha siku ile.

Hatari za pande mbili

Jambo hili si la kupoteza wakati. Katika hesabu ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2017, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia walikuwa milioni 11 mwaka 1975, nao wakafika milioni 124 mwaka 2016. Na katika mwaka huo huo wa 2016, wasichana milioni 75 na wavulana milioni 117 walikuwa wembamba kupita kiasi. Mwaka 2025 shirika la UNICEF lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza wenye unene wa kupindukia katika umri huu wamewazidi wenye uzito pungufu, yaani 9.4 kwa 9.2 katika kila 100, isipokuwa katika Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini, ambako upungufu ungali mkubwa zaidi. Kwa hiyo sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki tuna mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mara nyingine yote miwili i katika mtaa mmoja.

Kijana aliyepungukiwa huchelewa kubaleghe, huchoka upesi, na maradhi humwingia kwa wepesi. Naye binti hupoteza damu kila mwezi na chakula chake hakimrudishii madini ya chuma. Kijana aliyezidiwa na unene aweza kupanda shinikizo la damu, na kupatwa na ule ugonjwa wa kisukari ambao zamani ulijulikana kuwa ni wa watu wazima. Tena mara nyingi huingia utu uzima na unene wake.

Zipo alama ambazo mzazi akiziona asingoje miezi 6: kijana anayekonda pasipo kukusudia, mwenye kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, mwenye kikohozi kisichokwisha, homa za jioni na jasho la usiku, mwenye ngozi iliyokuwa nyeusi na nene shingoni au makwapani, anayekoroma sana usiku na kusinzia mchana, binti ambaye hedhi yake imekatika miezi kadhaa, au hakuipata mpaka miaka 15, na kijana asiyeonyesha dalili yoyote ya kubaleghe, binti akiwa na miaka 13 na mvulana akiwa na miaka 14. Hao wapelekwe hospitali, wala wasipelekwe kwanza kwa muuza dawa za kunenepesha au za kukondesha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Maneno ya nyumbani

Sasa twaja kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko hesabu yote. Namba ikishapatikana, itasemwaje? Katika nyumba zetu tuna desturi mbaya ya kumpa mtoto jina kwa umbo lake. Mnene huitwa bonge mbele ya wageni, na mwembamba huambiwa amekauka kama ng'onda, na wote hucheka, na mtoto naye hucheka pamoja nao. Lakini anakwenda nalo. Wako mabinti walioacha kula mchana kwa neno moja la shangazi, wakasema wameshiba ilhali hawakugusa kitu. Na wako wavulana waliojificha wasicheze na wenzao kwa kuona haya ya miili yao, na kwa kutocheza wakazidi kunenepa. Aibu haijamponya mtu unene wala wembamba.

Kwa hiyo kijana apimwe faraghani, na mzazi mmoja, na binti apimwe na mama yake au mwanamke mwingine wa nyumbani. Daftari lifungwe, lisiwe la kusomwa na ndugu zake. Aambiwe kwa upole: twaangalia kama mwili wako unapata haki yake.

Ikiwa uzito umezidi, asinyimwe chakula. Kijana bado anakua, na kumpunguzia kwa nguvu ni kumpunguzia mifupa na damu. Mara nyingi yatosha kuzuia uzito usipande ovyo, na kimo kikaendelea kupanda, na uwiano ukashuka wenyewe. Wala asipikiwe peke yake kama mgonjwa. Nyumba nzima ibadilike: soda na juisi za pakiti ziwe za siku za furaha, na maji yawe kinywaji cha kila siku, maandazi na chipsi visiwe chakula cha kila asubuhi na jioni, mchicha, maharagwe, dagaa, samaki, mtindi na matunda ya msimu vipate nafasi yao katika sinia. Tena kijana atoke nje. Shirika la Afya Duniani lausia kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili, na wasichana wamo katika usia huo sawasawa na wavulana. Mwenye kumpeleka mwanawe uwanjani na kumfungia binti yake ndani mchana kutwa, na atafute njia: ua wa nyumba, kamba ya kuruka, matembezi ya alasiri pamoja na mama.

Na ikiwa amepungua, mzazi asikimbilie kumjaza mafuta na sukari. Aulize kwanza: je, anakula asubuhi kabla ya kwenda shule? Sahani yake ina maharagwe, yai au samaki, au ni wali mtupu? Ana minyoo? Kuna jambo linalomhuzunisha? Yako mengi yanayomkondesha kijana ambayo hayamo jikoni.

Ndugu wazazi, mtoto alipokuwa mchanga tulimbeba mpaka kliniki katika jua na mvua kwa ajili ya nukta moja katika kadi. Hatuoni sababu ya kuacha kumtazama sasa, wakati ambapo mifupa yake inajengwa kwa mara ya mwisho. Litafuteni daftari moja, muandike jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kupimwa, kimo, uzito na uwiano. Chagueni miezi 2 ya mwaka, kama mwanzo wa muhula wa kwanza na likizo ya katikati. Siku mtakapompeleka kijana kwa daktari, mchukue daftari lile mkononi. Litamwambia daktari katika dakika moja yale ambayo jicho la mapenzi lisingaliweza kuyakumbuka kwa miaka mitatu.